Nyamizi Aliyekula Ukoko

Nyie mnaokwangua sufuria, msiumwage huo ukoko kwanza. Najua mmeambiwa kwamba anayekula ukoko, mvua itamnyeshea siku ya harusi yake. Ni kweli. Mimi ilininyeshea mpaka kiti cha bwana harusi kikazama kwenye tope, nikacheka hadi mama mkwe akaninunia. Lakini hamjaambiwa maneno hayo yalianzia wapi. Yalianzia chini ya udongo, nyumbani kwa mti mmoja aliyeitwa Mama Myombo.

Zamani hizo mti haukuwa na mizizi ya namna mbili kama hii mnayokutana nayo mkilima. Yote ilikuwa myeupe, laini, mitamu kama muwa mchanga. Kule juu wapishi walikuwa majani. Yalichota hewa, yakawasha jua, yakapika uji mtamu na kuushusha chini kwa mabinti wa nyumba, ndiyo hiyo mizizi. Mabinti nao walikunywa maji ya udongo wakampandishia mama yao.

Sasa binti mtamu hakosi wachumba, na wachumba wa kule chini walikuwa mchwa. Walikuja kwa adabu zote, wakiamkia, wakiulizia habari za mama. Wakishakaribishwa, binti haonekani tena. Jirani, Mama Mninga, aliwapokea hivyo hivyo. Kiangazi kilipokwisha upepo wa kwanza ukamsukuma kidogo tu, akaanguka chali na matunda yake kichwani. Alipong'oka walitazama chini yake. Hapakuwa na binti hata mmoja.

Tangu hapo nyumba ya Mama Myombo haikupata usingizi. Mkubwa wa mabinti aliitwa Nyamizi, mdogo wao Kabula, yule wa kudeka, wa kushinda amening'inia kwa dada yake. Walikaa wameshikana wakisikiliza ukutani. Kwaru, kwaru. Mkwaruzo huo ukinyamaza, hofu ilizidi, maana hujui anayetafuna ameshiba au amehamia kwako. Mama Myombo aliona mawingu yakijikusanya akawa anauliza kila mara kama wote wapo chini. Nyamizi alimjibu wapo, hata siku ambazo hawakuwapo.

Na juu nako, majani yaliacha kazi yakainama kusikiliza. Mnajua umbeya wa hofu ulivyo, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kusikia. Moto wa jua unawaka, chungu kipo juu yake, hakuna anayekoroga. Yaliposhtuka, uji wote ulikuwa umekauka na kuungua, umegeuka ukoko mweusi, mgumu, mchungu. Aibu gani kuwashushia mabinti wa nyumba chakula kilichoungua! Yakaanza kusukumana nani aende akaumwage.

Nyamizi akasikia. Akasema ushushwe.

Dada zake walimcheka, kicheko cha watu wanaoogopa. Wakamwambia atakosa mchumba kwa meno meusi, na akimpata, mvua itamharibia harusi.

"Na inyeshe," Nyamizi akasema. "Mimi nataka nyumba isimame, hiyo harusi ipate pa kufanyikia."

Akala. Alitafuna huku machozi yakimtoka, maana ulikuwa mchungu wa kukunja uso. Kadiri alivyokula ndivyo ngozi yake ilivyogeuka kahawia, ikakakamaa, ikawa na magamba. Mkono aliomshikia Kabula ukawa mgumu kama mchi. Kabula akalalamika kwamba dada anamuumiza. Nyamizi akamwambia avumilie, asimwachie.

Mchwa wakabisha hodi, wakaamkia, wakang'ata. Wakatema. Akajaribu mwingine wao mwenye taya kubwa, naye akatema, wakaondoka wakimsengenya.

Mvua ikaja siku hiyo hiyo, na upepo wake. Mama Myombo akalala huku, akalala kule, majani yakipiga kelele. Nyamizi akajichimbia kwenye mawe akashika. Alishika mpaka upepo ukachoka.

Kulipotulia, watu wa nyumba wakashangilia, na Nyamizi akaomba maji. Maji yalikuwa yamemzunguka, yanampita begani. Akataka kufungua mdomo, haukufunguka. Ule ukoko uliowazuia mchwa kuingia ulizuia na maji. Nyumba nzima ikajiuliza kama huyu atakufa kwa kiu ndani ya maji.

Kabula ndiye aliyejinyoosha, na weupe wake ule ule, akatoka nje kwenye udongo.

"Usiende, mchwa watakumaliza," Nyamizi akamwambia.

"Nisipoenda, dada, wewe unakunywa nini?"

Akaenda. Akanywa, akampitishia dada yake, naye akampandishia mama. Alifanya hivyo masika yote. Kiangazi kilipoingia, Nyamizi alimwita asubuhi moja, hakuitikia.

Na tangu siku hiyo majani hupika vyungu viwili kwa hewa ile ile na jua lile lile. Kimoja hushushwa kikiwa uji, kwa wembamba weupe wanaotoka kutafuta maji na hawakai sana. Kingine huachwa kiungue makusudi, kwa wale wa kahawia wanaoshika nyumba na hawaonji tone la maji. Ndiyo maana mzizi mnene ukiuchoma unapata mkaa, ule mwembamba unapata majivu ya kupuliza. Na ndiyo maana kwetu ukoko hupewa binti anayebaki na mama yake.

Mvua za kwanza zikinyesha, chimbeni kidogo pembeni ya myombo, taratibu. Mtaona kwenye ubavu wa ule mzizi mkubwa kametokeza kamzizi keupe, kachanga. Nyamizi hukaita Kabula. Wote huwaita hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kukaa naye muda wa kutosha kupewa jina lake mwenyewe.