Mtungi Uliopandishwa Juani

Kuuliza si ujinga. Maneno haya ni mepesi kuyatamka lakini mazito kuyafuata, kwa sababu mtu huona haya kukiri kwamba kuna jambo asilolijua, hasa jambo lenyewe likiwa limo ndani ya nyumba yake, nyuma ya mlango ambao ufunguo wake anautundika shingoni. Ndivyo yalivyomfika Bi Wadha wa Ibra, Omani, baridi ile ya mwaka wa sabini na nane, mkaza mwanawe alipoingiza mtungi katika ghala la tende.

Bi Wadha alikuwa bingwa wa achari. Aliondoka Unguja na masanduku mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa la chupa. Achari yake ya ndimu ilijulikana kutoka Ibra mpaka Al Qabil, na alizoea kuulizwa, hakuzoea kuuliza.

Mwanawe, Harub, karani wa serikali, alikuwa amemuoa Kaltham, msichana mwembamba kama ufito, mwenye macho ya kucheka hata pale mdomo unaponuna. Kaltham alipelekwa kusoma Ujerumani ya Mashariki ukoo wake ungali Unguja. Kabla hajamaliza, babake aliugua, ukoo ukahamia Omani, na masomo yakabaki huko huko kama kanzu iliyosahauliwa kwa mshoni. Alirudi bila ya cheti, na wifi yake Ghaniya hakumwachia alisahau jambo hilo.

"Wifi," Ghaniya alimwambia siku moja wanachambua mchele, "miaka yote ile Ulaya, cheti huna. Basi hata chakula chao hukujifunza?"

"Nimejifunza."

"Kipi hicho? Chai ya rangi?"

Bi Wadha akaingilia kati. "Ami yenu Mahrous anarudi kutoka Umra mwezi ujao, na siku ya kumpokea ukoo mzima utakuwa hapa. Basi Kaltham, siku hiyo utapika wewe. Cha huko huko ulikosoma. Tuuone mkono wako."

Kaltham alijua maana yake. Katika nyumba ile, bibi harusi hupika mara moja mbele ya ukoo, na neno litakalosemwa siku hiyo humganda kama lami. Akifaulu, hadithi ya cheti itakufa. Akishindwa, atakuwa "msomi wa chai ya rangi" mpaka atie mvi.

Kabichi zilipoletwa na gari kutoka Matrah, alinunua kapu zima. Alizikatakata nyembamba kama nyuzi, akazitia chumvi, akazifinya mpaka zikatoa maji yake zenyewe, kisha akazishindilia katika mtungi wa mdomo mpana. Juu akaweka sahani, juu ya sahani jiwe, juu ya jiwe kitambaa. Mtungi ukakaa gizani penye ubaridi, kati ya magunia ya tende.

"Ndiyo nini hiyo?" Harub aliuliza usiku ule.

"Subiri utaona," alijibu, akacheka. Alipenda sana kuwarusha watu roho.

Wengine hawakuuliza kitu. Walichunguza tu.

Ghafla kila mtu akawa na haja ya tende. Ghaniya, ambaye tende zilikuwa zikimkera kooni, aliingia ghalani asubuhi na jioni. Bi Wadha alikwenda kutazama panya. Siku ya tatu alitega sikio, akasikia mtungi unanong'ona: bup, bup, bup. Akarudi nyuma hatua moja, akasoma Ayatul Kursi.

"Mama," Ghaniya alinong'ona mlangoni, "isije ikawa tembo! Tembo la nazi si ndivyo linavyochemka?"

"Astaghfirullah! Nyamaza, wewe. Nazi utaitoa wapi Ibra?"

"Basi muulize."

"Nimuulize mimi? Mimi nimuulize mtoto wa juzi kuhusu mtungi?"

Bi Wadha alifunga mlango, na yeye akajifungia ndani. Aliinua jiwe, akachota zile nyuzi za kabichi pamoja na maji yake, akajaza chupa kubwa ya achari, akaificha nyuma ya magunia. Tangu hapo, kila baada ya sala ya alasiri alikwenda kuonja uzi mmoja. Chumvi ipo. Kisha ukali ukaja, siku baada ya siku, ukali mzuri usiotokana na ndimu wala siki wala embe. Ukatoka wapi? Swali lile lilimwasha kama upupu. Lakini kuuliza, hapana.

Ijumaa ya mapokezi ilipokaribia, Kaltham alikwenda Al Qabil kuwaamkia shangazi zake na kulala huko siku mbili tatu. Bi Wadha akaona ndiyo nafasi ya kumsitiri mtoto wa watu.

"Nimeshajua," alimwambia Ghaniya. "Ni achari. Ila maskini hajui kazi. Kaisahau pilipili, kaisahau bizari, na kaiacha kizani inaelea majini kama nguo za kufua. Achari bila ya jua! Yalla, nishikie huku."

Wakaupandisha mtungi juu ya dari. Bi Wadha akamwaga maji yote, kwani achari yenye maji haidumu, akamimina pilipili, bizari na mafuta, akauacha wazi juani. Akashuka huku moyo wake mweupe kama pamba.

Kaltham aliporudi, harufu ilimpokea njia panda. Jirani yao Abdullatif alikuwa amesimama ukutani, pua kaiziba kwa kilemba.

"Jamani nyumba hiyo! Mna paka kafia darini?"

Kaltham alipanda ngazi mbili mbili. Aliutazama mtungi, akaketi chini kando yake, na safari hii macho yake hayakucheka.

"Nani kaleta mtungi huku?"

"Mimi, mwanangu," Bi Wadha alisema nyuma yake, akihema. "Nimekutengenezea achari yako."

"Si achari, mama."

"Si achari? Sasa ni kitu gani?"

Lilikuwa swali la kwanza juu ya mtungi ule kutoka kinywani mwa Bi Wadha, na lilimtoka bila ya kukusudia.

Kaltham akaeleza. Ni kabichi iliyoachwa ichachuke kwa chumvi yake, haitaki jua wala upepo, na maji yale ndiyo roho yake. Hutandazwa juu ya nyama ya kusaga, ikaokwa. Bibi mwenye nyumba aliyopanga huko ndiye aliyemfundisha, ila Kaltham akaiacha nyama yao ya nguruwe akatia ya ng'ombe.

"Mbona hukusema?" Bi Wadha aliuliza.

"Mbona hamkuniuliza?" Kisha akainamisha kichwa. "Na mimi nimekosa. Nilitaka kuwatesa kidogo. Sasa keshokutwa Ijumaa, na sina kitu. Mtaniita msomi wa chai ya rangi."

Bi Wadha alishuka ghalani. Alirudi amekumbatia chupa, kaificha nusu kwa mtandio kama mwizi aliyetubu.

"Hii niliichota mwanzo. Na maji yake. Nikionja kila siku nipate kujua ni nini, na nisijue."

Kaltham akafungua, akanusa, akaonja. Nyuzi zilikuwa nyeupe, kali, zinalia menoni. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Itatosha, mama. Nyama tutaizidisha. Lakini sasa nami nina swali. Huko nilipikia oveni. Hapa pana makaa tu. Nitafanyaje?"

Uso wa Bi Wadha ukang'ara kama sinia lililosuguliwa kwa jivu. "Hilo tu? Mkate wa mayai wote huu nimeupika kwa kitu gani? Makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Juu yazidi chini."

Ijumaa wakapika wote watatu. Kima, ile nyama ya kusaga, ikakaangwa kwa vitunguu, samli na pilipili manga. Chini wakapanga viazi, kisha kima, kisha kabichi, kisha kima tena, juu yake malai ya maziwa. Makaa yakapaliwa, na baada ya muda harufu ikatoka, si ile ya darini. Abdullatif alichungulia tena ukutani, mara hii pua wazi.

Ami Mahrous, mzee ambaye ukoo wote husubiri aseme ndipo useme, alikula tonge la kwanza. La pili akaligeuza vidoleni, akalitazama, ndipo akalila. Kaltham, nyuma ya pazia, alikuwa kashika mkono wa Bi Wadha bila ya kujua.

"Ghaniya!" mzee aliita. "Mimi nimekula Unguja, nimekula Bujumbura, nimekula Makka. Hiki sikijui. Ni kitu gani, na kinapikwaje?"

Ghaniya, aliyekuwa akiwaandalia, akatazama pazia. "Muulize wifi yangu, ami. Yeye ndiye aliyekisomea. Na akishakwambia wewe, anifundishe na mimi."

Bi Wadha alimsukuma Kaltham mbele kwa upole. "Nenda, mwanangu, kamjibu ami yako. Mzee wa watu kauliza mara moja tu na anajibiwa. Sisi tumezunguka ghala mwezi mzima tukisingizia panya."

Kweli, kuuliza si ujinga.