Fuko Alivyogoma Kufukia Shimo

Ninyi mnaomlaani fuko kwa kuharibu matuta yenu ya viazi, tulieni kwanza mjue ubishi ule aliutoa wapi.

Enzi hizo nchi kavu ilikuwa moja tu. Ungetoka hapa kwetu ukafika Bara Hindi, hata Brazili, bila kulowesha unyayo. Watawala walikuwa mijusi wakubwa kuliko nyumba, na mkuu wao aliitwa Lugomba. Kila asubuhi walipita kwa mstari wakiishindilia ardhi kwa miguu yao, na ilikuwa mwiko kwa yeyote kuitoboa.

Nambeya, mama fuko mwenye watoto watatu wachanga, alilala tumbo likigusa udongo. Siku moja akasikia ardhi inatetemeka chini kabisa, na mijusi wote wamelala. Akamwendea Lugomba.

“Shikamoo, mzee. Ardhi inataka kupasuka.”

“Marahaba. Hivyo ni vishindo vyetu, mama,” Lugomba akacheka. “Nani mwingine wa kuitikisa nchi?”

Wakubwa wale walikuwa wamezoea mno kutetemesha, hata tetemeko la kweli wakadhani ni lao.

Nambeya akaanza kuchimba shimo la kuwaficha wanawe, mchana kweupe, kila mtu akimwona. Lugomba akaja akalifukia shimo kwa teke moja. Nambeya akachimba tena, likafukiwa tena. Mara ya tatu kucha zilikuwa zinamtoka damu.

“Fukia mwenyewe, la sivyo nakukanyaga wewe na wanao!” Lugomba akafoka.

“Nikanyage,” Nambeya akajibu, bila shikamoo safari hii. “Wanangu hawafi kwa ajili ya heshima yako.”

Mguu ukainuliwa. Kabla haujashuka, ardhi ikapasuka, milima ikatapika moto, majivu yakafunika jua. Nambeya akawasukuma wanawe shimoni, naye akafuata.

Waliishi kwa mizizi muda mrefu. Walipotoka, mijusi wakubwa wote walikuwa mifupa, na bahari imeingia katikati ya nchi. Vipande vyake vilikuwa vinaachana polepole, kama kucha inavyoota, na hadi leo havijasimama. Nambeya aliwahesabu wanawe. Walikuwa watatu. Kwa Lugomba hakutoa hata chozi.

Na tangu siku hiyo, fukia shimo la fuko, lishindilie kwa jembe, tukana ukipenda. Kesho utalikuta wazi, na udongo umerundikwa pale pale uliposimama kumtukana.