Nguchiro na Mwenye Mpira

Paukwa, jamani!

Pakawa!

Hamkusikika. Na wewe unayechezesha mguu hapo nyuma, paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Pakawa na uwanja kando ya mto, na uwanja ulikuwa na mpira mmoja, na mpira ulikuwa na mwenyewe. Mwenyewe nani? Kiboko! Tumbo huku, mdomo kule, akitembea ardhi inalia ndi, ndi, ndi.

Sheria ya mpira wa mtaani mnaijua, msijifanye hamjui. Mwenye mpira ndiye nahodha. Mwenye mpira ndiye anayepanga namba. Mwenye mpira akikasirika, anachukua mpira wake anakwenda kwao, na nyinyi mnabaki mnatazamana. Kiboko aliishika sheria hiyo kwa meno yote. Alijipanga namba tisa, mbele kabisa. Mabao yote yake, matikiti ya ushindi yake, wenzake walambe maganda. Tena akafuta kuotea! "Kwenye mpira wangu hakuna kuotea," alisema. "Nasimama ninapotaka." Basi akawa anasimama nyuma ya mabeki, karibu na kipa, anangoja mpira kama anayengoja chai. Akiletewa, anausukuma tu. Bao!

Katika timu hiyo kulikuwa na kijana mmoja, Nguchiro. Mdogo, mwembamba, mkia mrefu, na miguu yake, mama yangu! Ilikuwa inamwasha. Akikaa, inagonga. Akila, inagonga. Akilala, mama yake anapigwa mateke mpaka asubuhi. Uwanjani alitaka kitu kimoja tu: acheze kiungo, pale katikati, ambapo mpira unakwenda na kurudi. Lakini Kiboko alikuwa amempanga namba mbili, beki wa pembeni, kwenye kona yenye miiba.

"Simama hapo," alimwambia. "Ukivuka mstari wa kati, huchezi tena."

Nguchiro akasimama. Miguu ikagonga, ti-ti-ti-ti. Mpira ukipita mbali moyo unamruka, na yeye anajishika mkia asije akaondoka.

Siku moja ikaja habari: mzee Korongo anakuja. Korongo wa Bonde la Juu, yule anayezunguka viwanja vyote kutafuta vijana wenye kipaji. Angetazama mechi moja, ya kesho dhidi ya Ngiri wa ng'ambo, kisha angechagua mchezaji mmoja aondoke naye. Mmoja tu!

Nguchiro hakula.

"Mama, ataniona vipi nikiwa kwenye miiba?"

"Tulia, mwanangu."

"Nitatuliaje, mama? Akinipita huyu, nitazeekea namba mbili!"

Akazunguka nyumba. Akazunguka tena. Akatoka mbio mpaka mtoni, akarudi mbio kutoka mtoni. Ghafla akasimama, akacheka peke yake. Alikumbuka kwamba mechi za pale zina desturi: mwenyeji anatoa mpira, mgeni anatoa refa. Na refa wa Ngiri alikuwa Kanga. Nguchiro alishavuka mto akamwona akichezesha. Mtu akiotea hata kwa unyoya, Kanga anapuliza.

Akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba. Unataka nini? Nakula."

"Nimekuja kukuomba. Kesho niache palepale namba mbili. Usinipeleke katikati, Nahodha, nakusihi."

"Nani kasema nitakupeleka katikati?"

"Watu wanasema. Eti huko Bonde la Juu wakubwa hawakimbii. Mkubwa anasimama mbele ya goli, na katikati yupo mchukuzi wake, anahangaika kutwa kumletea mpira. Kazi ya punda ile! Mpe mwingine, Nahodha. Mimi miguu yangu midogo."

Kiboko akaacha kutafuna. Mkubwa hakimbii! Neno hilo likamwingia, likamtekenya tumboni.

"Wewe ndiye mchukuzi wangu," akasema. "Utakimbia uwanja mzima. Ole wako nikuone umesimama!"

"Jamani, Nahodha!"

"Nimeshasema!"

Nguchiro akaondoka analia, uuu, uuu. Alipokizunguka kichaka, kilio kikaisha, akaruka juu akajizungusha hewani. Lakini furaha haikumkaa, maana alimjua Kiboko na hasira zake. Alfajiri akakusanya majani makavu ya mgomba, akayaviringisha, akayafunga kwa kamba za katani, kaza, kaza, kaza. Kile kitu akakificha kwenye ile kona ya miiba. Mama yake akamuuliza anafanya nini. Akasema anafanya usafi.

Mechi ikaanza. Kanga akapuliza, priii!

Nguchiro huyoo! Chapu chapu chapu, anapokonya mpira. Chapu chapu chapu, anampiga Ngiri chenga. Anampiga mwingine tobo, mpira katikati ya miguu. Pasi kwa Kiboko. Kiboko anasukuma, bao! Priii! "Ameotea," akasema Kanga.

"Ameo... nini?" Kiboko akauliza.

Nguchiro huyoo tena! Chapu chapu chapu, chenga huku, tobo kule, pasi kwa Kiboko, bao! Priii! "Ameotea."

"Kwetu hakuna hiyo!"

"Kwangu ipo," akasema Kanga. "Kipenga ni changu."

Mara ya tatu, Nguchiro huyoo, chapu chapu chapu, pasi kwa Kiboko, bao! Priii! Kanga akanyoosha bawa tu. Juu ya mti mkavu, Korongo akainua jicho moja, akatazama katikati ya uwanja. Nguchiro akaliona lile jicho.

Na hapohapo Kiboko akapasuka.

"Mpira wangu! Mechi imekwisha!" Akaunyakua, akauweka chini, akaukalia. Pfuuuuu! Mpira ukawa chapati.

Wachezaji wakabaki wanatazamana. Korongo akakunjua mabawa aondoke.

"Mzee, ngoja!" Nguchiro akapiga kelele. Akakimbia kwenye miiba, akaingia, akachomwa, akatoka na mpira wa majani kwapani. "Mpira upo! Na huu ni wangu!"

Kiboko akacheka. "Takataka hiyo?"

"Nahodha, sheria ni yako mwenyewe. Mwenye mpira ndiye nani?"

"Ndiye nahodha!" wakajibu wachezaji wote.

"Mwenye mpira hufanya nini?"

"Hupanga namba!"

Nguchiro akamsogelea, akainama kwa adabu. "Basi wewe, mkubwa wetu, nakupa namba moja. Golini. Wengine wote wana namba za nyuma ya hiyo."

Kiboko akafikiri. Namba moja! Kweli, nani yuko juu ya namba moja? Akaenda kujiingiza katikati ya milingoti miwili, ubavu huu ukagusa, ubavu huu ukagusa, akajisukuma, akanasa. Mbele haendi, nyuma harudi. Ngiri wakapiga mashuti, du! Tumboni. Du! Tumboni. Hakuna kilichopita. Kipa mzuri kuliko huyo uwanja ule haujawahi kumpata.

Na Nguchiro, nani wa kumzuia sasa? Alikuwa nyuma akiokoa, alikuwa mbele akifunga, alikuwa kati akigawa pasi. Aliwafunga Ngiri mpaka wakachoka kuutoa mpira wavuni. Matikiti yakapasuliwa, kila mchezaji akala nyama yake, juisi inachuruzika kidevuni. Kiboko alitazama tu, mdomo wazi, mate yanadondoka. Walimrushia ganda.

Korongo akashuka, kishindo hana.

"Kijana, unacheza namba ngapi?"

"Sijui, mzee. Miguu yangu haijui kuhesabu."

"Nimekuona. Utafika mbali. Nakuchukua."

Mama Nguchiro akapiga vigelegele. Nguchiro akaruka, akaanguka, akaruka tena.

"Ila," akasema Korongo, "kwetu kuna utaratibu. Vijana wote wanaanzia namba mbili. Hakuna kuvuka mstari wa kati mpaka uambiwe."

Masikio ya Nguchiro yakalala. Miiba yote hiyo, chenga zote hizo, arudi namba mbili? Akatazama chini. Miguu ikasimama kimya kwa kitambo, kitu ambacho mama yake hakuwahi kukiona. Kisha mguu wa kulia ukaanza, ti-ti-ti-ti.

"Samahani, mzee. Huko Bonde la Juu, mwenye mpira ni nani?"

"Tembo."

"Mnene?"

"Mnene sana."

"Hasira anazo?"

"Usiseme!"

Nguchiro akamgeukia mama yake. "Mama, nifungie yale majani ya mgomba yaliyobaki. Na kamba."

Hapo ndipo kipenga cha mwisho kilipolia. Hadithi ikiwa tamu, pigianeni pasi mpaka iwafikie walio nyumbani. Ikiwa chungu, nirudishieni kwa kichwa, nitaidaka mwenyewe.

Ah, funzo! Mnataka funzo. Funzo ni hili: mtoto mwema hukaa palepale alipopangiwa, hatikisi mguu, hambishii mwenye mpira, wala haendi kuokota majani ya mgomba. Mmesikia? Vizuri. Sasa wewe hapo nyuma, toa mikono yako mgongoni tuone umeshika nini.