Ngiri Alipojifunza Mwendo wa Simba

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama walioshiba. Haya, sogeeni, hata nyie wakubwa mnaojifanya mnapita tu.

Hapo zamani za kale, kila mvua zilipokatika, wanyama wa mbugani waliwachezea watoto wao mchezo. Mmoja alijifanya simba. Watoto wakimwona, wakimbie. Ndiyo ilikuwa shule yao yote.

Mwenyekiti wa Kamati ya Mchezo alikuwa Nyumbu. Kamati ilikwisha kuamua: simba avae nywele za nyasi, angurume, kisha asimame pembeni wageni rasmi watambulishwe. Watoto wakacheka, wakaenda zao.

Mwaka mmoja akaja simba jike wa kweli. Hana nywele. Hangurumi. Ndama wa Pofu, yule swala mkubwa, akamwamkia, "Shikamoo, mama."

Hakuitikiwa, wala hakuonekana tena.

Kamati ikakaa. Ikaazimia kuongeza nyasi.

Sasa Ngiri alikuwa na mtoto mmoja tu, Kibogoyo, aliyeitwa hivyo kwa kuwa meno yake marefu yalikuwa hayajaota. Mwaka ule ndio angetazama mchezo mara ya kwanza. Ngiri akamwendea Bweha, aliyeishi kwa kumfuata Simba nyuma akila masazo.

"Mwalimu, nifundishe kuwa simba."

"Wewe? Na huo mkia?"

Maana ngiri akianza safari, mkia juu, twaa! Kama mlingoti.

"Nifundishe."

"Haya, Mama Kibogoyo. Tembea."

Tiki-tiki-tiki.

"Huyo ni mama anayewahi sokoni! Simba hana haraka. Uzito weka mabegani. Shingo shusha. Pumua kwanza, ndipo mguu."

Akapumua. Nyatu. Akapumua. Nyatu.

"Mkia!"

Twaa!

Kutwa mkia. Kesho mkia. Ngiri akachoka. "Mbona nikiushusha unapanda?"

"Kwa sababu ungali unakimbia. Simba hakimbii kitu, mama. Simba anataka kitu. Nawe taka!"

Ngiri akachagua ua la njano, kule mbali. Akalitaka. Akalitaka hasa. Bega hili likapanda, bega lile likashuka. Mkia akausahau, ukalala wenyewe.

Bweha akarudi kinyumenyume. "Yatosha," akasema. "Yatosha, mama. Nimeelewa."

Siku ikafika, na Ngiri ndiye aliyeomba kuwa simba. Nyumbu akaleta nywele za nyasi. "Kanuni, mama." Ngiri akazivaa, akaingia vichakani, akazivua.

Watoto wakangoja ngurumo. Kimya. Nyasi, swii. Bega hili. Bega lile.

Safari hii hakucheka mtu. Mtoto wa Punda Milia akasema polepole, "Mama..."

Kisha purrr! Vumbi! Uwanja mtupu. Mwenyekiti alikutwa juu ya kichuguu, akisema anakagua mipaka.

Ngiri akaenda shimoni kwake. "Kibogoyo! Toka, mwanangu."

Hakutoka mtu.

"Ni mimi mama yako!"

"Sauti naijua," akajibu mtoto kutoka ndani. "Tembea kwanza nikuone."

Ngiri hakutembea mara moja. Akakaa pale mlangoni, akicheka na machozi yanamtoka. Mtoto anayeuliza hivyo ataiona masika ijayo.

Basi, wenzangu: ukitaka kumwiga mtu, acha nguo zake, jifunze anavyopumua na anachokitaka. Na ukitaka kumjua, usitazame nywele. Tazama mabega.

Hadithi yangu imeishia hapo. Miguu yake imechoka, iacheni ilale.