Asali ya Mkuu wa Kituo

Chupa ya asali ya mkuu wa kituo ilikutwa tupu mezani, na papo hapo Sajini Lutengano akamkamata Pazi, mrina asali.

"Chovya vidole kwenye wino!"

Pazi alimtazama sisimizi akipanda masharubu ya sajini. "Afande, Katiba inanipa haki ya kuelewa ninachofanyiwa. Nionyeshe kwanza."

"Mbumbumbu wewe!" Sajini akachovya vidole vyake mwenyewe vyote kumi, akavigandamiza kwenye fomu ya Pazi. "Hivi!"

"Sasa nimeelewa."

Mkuu aliingia, akainyakua fomu, akavaa miwani na kuilinganisha na alama za kwenye chupa. "Ndizo hizi hizi! Mwenye vidole hivi leo atalala ndani!"

"Haki kabisa, mkuu," alisema Pazi, akanyoosha viganja vyake, safi kama vya bibi harusi kabla ya hina.

Sajini akaficha vyake mgongoni.