Wimbo Uliomwita Tibor

Nawapa kisa, nanyi mtanipa hukumu.

Katika nchi ya Slovakia, chini ya milima ya theluji, aliishi Darina, mwimbaji aliyetunga nyimbo zake mwenyewe. Redio zilizipiga asubuhi hadi jioni. Alikuwa na watu watatu wa karibu. Vendel, mpiga piano wake, akisikia muziki mara moja aliweza kuurudia kwa vidole. Milota, rafiki yake, alipata neno pale wengine walipokwama. Na mama yake, Agnesa, hakujua muziki hata kidogo, lakini hakuwa mwoga.

Kisha Tibor, kaka yake Darina, akafunikwa na theluji mlimani. Mwili haukupatikana. Tangu hapo, kila Darina alipopanda jukwaani, alisikia sauti ya Tibor nyuma ya mgongo wake, ikiimba bila maneno. Akaacha kuimba, na watu wakaanza kumsahau.

Vendel akamwendea. "Niimbie hicho unachokisikia."

"Naogopa."

"Ogopa, lakini imba."

Akaimba, na Vendel akaunasa muziki ule kwenye piano.

Lakini haukuwa na maneno, na Darina kila alipoanza kuandika alilia. Milota akaketi naye. "Tibor angekuwa mlangoni sasa, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia aingie. Nje baridi."

"Basi andika hivyo hivyo."

Siku ya kuuimba wimbo huo jukwaani, Darina akaganda mbele ya watu. Sauti ilikuwa pale pale nyuma. Agnesa akapanda jukwaani, akasimama mahali ambapo binti yake hakuthubutu kutazama. "Aliye nyuma yako ni mimi, mwanangu. Imba."

Akaimba. Waliokaa mbele waliapa kwamba walisikia mwanamume akimfuatisha.

Wimbo ule ukamrudishia jina lake, ukamfikisha nchi za mbali. Ila kila alipouimba, sauti ilisogea karibu zaidi. Mwishowe koo likaugua, daktari akamkataza kuimba. Darina akaamua kumwachia wimbo mtu mmoja tu, awe na neno la mwisho juu yake.

"Nipe mimi," alisema Vendel. "Nitamtafuta mwimbaji mwingine. Tukinyamaza, Tibor atakufa mara ya pili."

"Nipe mimi," alisema Milota. "Maneno yetu yanamwita. Niandike mengine, ya kumuaga."

"Nipe mimi, usiimbwe tena," alisema Agnesa. "Tibor wangu amechoka kuitwa."

Darina akawatazama. Bila Vendel, wimbo usingeshikika. Bila Milota, ungebaki bubu. Bila mama yake, hakuna ambaye angeusikia. Akafungua kinywa awajibu, na nyuma ya kiti chake mtu akaanza kuimba, taratibu. Safari hii wote wanne waligeuka.

Haya, mnaonisikiliza: ungekuwa wewe Darina, wimbo ungemkabidhi nani?