Zimwi Lililokaribishwa

Haya sogeeni, na atakayesinzia namfinya! Palikuwa na Mwashamba, aliyetia sukari badala ya chumvi kwenye pilau la harusi ya wifi yake. Watu walicheka, wakala maandazi, wakasahau. Yeye? Thubutu! Hakugusa tena sufuria ya shughuli.

Jioni moja zimwi likabisha. "Hodi!" Naye kwa adabu zake za kijinga, "Karibu!" Likamkalia mgongoni: "Sukari, Mwashamba, sukari!" Asubuhi likaondoka. Jioni ya pili, hodi, karibu, limenenepa. Ya tatu, hodi, karibu, mtu anatambaa kwa magoti! Jamani, kwani karibu inalazimishwa?

Mwaka ukapita hivyo hivyo, wifi akajifungua, akaja. "Arobaini ya mwanangu utapika wewe."

"Mimi? Na ile sukari?"

"Wifi wee, lile pilau si lilishakwenda chooni zamani!"

Mwashamba akacheka mpaka kanga ikamvuka. Akabandika sufuria.

"Hodi!" Akakaanga vitunguu.

"Hodi!" Akatia mchele.

"Hodi, Mwashamba! Sukari!"

"Ndiyo, nilitia! Na hapa hukaribishwi!"

Zimwi likanywea nje, likawa dogo kama punje. Kuku akalidonoa.

Ngano yangu imeiva, pakueni mle!